Kuitafuta jeni ya FOS ilipo na kupima inavyowashwa na seramu: mwongozo wa maabara

Seli ya fibroblasti (seli ya tishu unganishi) ikinyimwa seramu (majimaji ya damu yasiyo na seli, yenye vichocheo vya ukuaji) kwa siku nzima hutulia: inaacha kugawanyika na jeni zake nyingi za ukuaji zinakaa kimya. Irudishie seramu, na ndani ya dakika chache kundi dogo la jeni huwaka bila kungoja protini yoyote mpya itengenezwe. FOS imo katika kundi hilo. Mwaka 1984 Greenberg na Ziff walionyesha kwamba unukuzi wake (kunakiliwa kwa DNA yake kuwa RNA) katika seli za 3T3 za panya hupanda upesi mno baada ya seramu, na tangu hapo watu wengi wamejifunzia kazi hii kwenye FOS.

Tunaitumia hapa kwa sababu haivumilii uzembe. Hupanda haraka, hushuka haraka, tena huwashwa na mambo mengi yasiyo seramu: baridi, kutikiswa kwa sahani, hata kubadilishiwa chakula cha seli. Ukiweza kuipima FOS vizuri, EGR1 au jeni nyingine ya aina hii haitakusumbua.

Kuna maswali matatu, na kila moja lina jaribio lake. Jeni iko wapi kwenye kromosomu? RNA yake inaongezeka kwa kuwa inanukuliwa zaidi, au kwa kuwa inaoza polepole zaidi? Na ni kipande kipi cha DNA kinachopokea amri ya kuwaka? Kupanda kwa RNA peke yake hakujibu swali la pili wala la tatu. Tumeona ripoti nyingi zinazoandika "promota (DNA iliyo mbele ya jeni inayoanzisha unukuzi) imewashwa" wakati kilichopimwa ni kiasi cha RNA tu.

Hatua ya 1: Kujua jeni ilipo

Kama una kipande cha cDNA (DNA iliyonakiliwa kutoka RNA) kutoka seli zilizochochewa, kisomwe kwa njia ya Sanger kutoka ncha zote mbili, kisha uulinganishe mfuatano wake na jenomu kwa programu ya BLAT ya UCSC au BLAST ya Ensembl. FOS ya binadamu iko kromosomu 14, mkono mrefu, bendi q24.3. Ya panya iko kromosomu 12.

Usiridhike na jina la kromosomu. Tazama namna kipande kilivyokaa. FOS ina eksoni 4 (sehemu zinazobaki kwenye RNA iliyokamilika), kwa hiyo cDNA kamili lazima ilale kwenye jenomu kwa mafungu 4 yenye mapengo 3, na mapengo hayo ndiyo introni. Ikilala kwa fungu moja lisilo na pengo, ama umesoma DNA ya jenomu iliyochafua RNA yako, ama umeangukia jeni bandia iliyotokana na RNA, ama kipande chako ni kifupi na chote kimo ndani ya eksoni moja.

Tahadhari ya pili ni ndugu zake. FOSB (kromosomu 19), FOSL1 (kromosomu 11) na FOSL2 (kromosomu 2) zinafanana sana na FOS kwenye sehemu inayoshika DNA na kuunganisha protini mbili. Praima (kipande kifupi cha DNA kinachochagua sehemu ya kunakiliwa kwa PCR) ikikaa hapo inaweza kunasa jeni nyingine, hasa FOSB, ambayo nayo huwashwa na seramu. Weka praima nje ya sehemu hiyo. Mkia usiotafsiriwa wa upande wa 3′ unafaa.

Ya tatu ni toleo la jenomu. Katika GRCh37 FOS huanza karibu na besi milioni 75.75 za kromosomu 14. Katika GRCh38 huanza karibu na milioni 75.28. Ukichukua namba kutoka makala ya zamani na kuzipeleka kwenye toleo jipya, praima zako za kromatini (DNA pamoja na protini zilizoishika, hatua ya 7) zitaangukia karibu nusu milioni ya besi kando ya jeni. Andika toleo kila unapoandika namba.

Kuweka alama kwa mwanga kwenye kromosomu zenyewe (FISH) kuna maana ikiwa seli zako zina kromosomu zilizovunjika na kuungana upya, au unafanya kazi na mnyama ambaye jenomu yake bado haijaunganishwa vizuri. Hapo usitumie cDNA ya besi 2,000 kama proba (kipande chenye alama ya mwanga), kwa sababu mwanga wake ni hafifu mno kuonwa kwa urahisi. Tumia kloni ya BAC (kipande kirefu cha DNA kinachobebwa na bakteria) ya besi 150,000 hadi 200,000, pamoja na DNA ya Cot-1 ili kuziba mifuatano inayojirudia. Simamisha seli kwa kolsemidi 0.1 µg/ml, zivimbishe kwa KCl 75 mM kwenye nyuzi 37, kisha zihifadhi kwa methanoli na asidi asetiki kwa uwiano wa 3:1. Hesabu metafezi (seli zilizosimamishwa katikati ya kugawanyika) 20 au zaidi kabla ya kutaja bendi.

Kabla ya kutoka hatua hii, thibitisha mahali unukuzi unapoanzia. Namba zote za promota zitakazofuata (−60, −300 na kadhalika) huhesabiwa kutoka hapo; alama ya kutoa ni idadi ya besi kabla ya mwanzo huo. Data za CAGE za FANTOM5 (mkusanyo wa mianzo ya unukuzi katika aina nyingi za seli) ziko wazi kwa kila mtu. Kama aina yako ya seli haimo, fanya RACE (njia ya kusoma ncha ya RNA) ya upande wa 5′.

Hatua ya 2: Kutuliza seli

Tumia NIH 3T3 za panya, au fibroblasti za kawaida za binadamu kama BJ au WI-38. HeLa hazifai hapa, kwa maana hazitulii ipasavyo hata ukizinyima seramu. Pima maikoplazma (bakteria wadogo mno) kwanza. Seli zilizoambukizwa hubadilisha usemaji wa jeni nyingi na hutaona kwa macho kwamba zinaumwa.

Panda seli 150,000 kwenye kila sahani ya milimita 35, ndani ya DMEM (chakula cha seli) yenye seramu ya ndama 10%. Kesho yake, zikifika 60–70% ya eneo, zioshe mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi) ya nyuzi 37 na uziwekee mililita 2 kamili za DMEM yenye seramu 0.5%. Ziache saa 24. Saa 48 zinawezekana, lakini ukiona seli zinajikunja na kuachia sahani, umepitiliza.

Tumia sahani moja moja za milimita 35 badala ya sahani yenye visima sita. Ukiwa na visima sita vya muda tofauti kwenye sahani moja, kila ukitoa kimoja vingine vitano vinapoa na kutikiswa, na FOS huitikia yote mawili.

Hakikisha zimetulia kweli. Chukua sahani moja, pima DNA kwa propidiamu ayodaidi kwenye saitomita: 85% au zaidi ya seli ziwe kwenye G0/G1 (kabla ya kunakili DNA). Bila kipimo hiki hutajua kama mpando mdogo unaouona baadaye ni tabia ya jeni au ni kwa sababu msingi ulikuwa juu tangu mwanzo. Umeme ukikatika usiku na inkubeta ikapoa au CO₂ ikashuka, tupa sahani hizo uanze upya. Kuzirudisha kwenye joto ni kichocheo tosha.

Hatua ya 3: Kuchochea na kuvuna

Usibadilishe chakula cha seli. Ongeza mililita 0.5 ya seramu iliyopashwa hadi nyuzi 37 juu ya mililita 2 zilizomo. Utapata takriban 20%. Dondosha polepole pembeni, zungusha sahani mara moja kwa upole, irudishe kwenye inkubeta.

Kwa kila muda weka pia sahani linganishi: ongeza mililita 0.5 ya DMEM isiyo na seramu, ya joto lile lile, kwa mkono ule ule. Watu huiruka sahani hii wakiona ni gharama. Bila hiyo huwezi kutenganisha kazi ya seramu na kazi ya kufungua mlango wa inkubeta.

Vipindi vinavyotosha ni dakika 0, 15, 30, 45, 60, 90, 120 na 240. Anza kuchochea sahani ya dakika 240, kisha ya 120, ushuke hivyo hadi ya 15, ili zote zivunwe pamoja mwishoni. Acha dakika mbili kati ya sahani na sahani, kwani ndio muda unaohitaji kufyonza chakula na kumwaga Trizol (dawa inayovunja seli na kulinda RNA).

Ukitaka kichocheo kimoja kinachojulikana badala ya seramu yenye mchanganyiko wa kila kitu, PDGF-BB ya 20 ng/ml inafanya kazi vizuri kwa NIH 3T3. EGF ni chaguo baya kwa seli hizi, maana zina vipokezi vichache vya EGF.

Hatua ya 4: RNA na qPCR (PCR inayopima DNA kila mzunguko)

Kwa sahani ya milimita 35 tumia mililita 1 ya Trizol, kisha klorofomu 0.2 ml. Zungusha kwa 12,000 g, dakika 15, nyuzi 4. Chukua tabaka la juu lililo wazi na uache kiasi kidogo juu ya mpaka. Tamaa ya kulimaliza lote ndiyo huleta fenoli na DNA. Gandisha RNA kwa isopropanoli 0.5 ml, ioshe kwa ethanoli 75%. Uwiano wa mwanga unaofyonzwa, 260/280 nm, uwe karibu na 2.0.

Tibu kwa DNase (kimeng'enya kinachokata DNA) bila kujali seti ya vitendanishi unayotumia. Geuza mikrogramu 1 ya RNA kuwa cDNA ndani ya mikrolita 20, punguza mara kumi, na weka praima kwa 300 nM. Mzunguko: nyuzi 95 kwa dakika 2, kisha mizunguko 40 ya nyuzi 95 kwa sekunde 15 na nyuzi 60 kwa sekunde 60, ukimalizia na mchoro wa kuyeyuka. Kila sampuli iwe na mwenzake asiyewekewa kimeng'enya cha kugeuza RNA. Ufanisi wa praima uwe kati ya 90% na 110%, yaani mteremko wa mstari wa vipimo uwe kati ya −3.6 na −3.1.

Jeni ya kulinganishia ndiyo mtego mkubwa wa hatua hii. Aktini-beta, ambayo maabara nyingi huitumia kwa mazoea, yenyewe huwashwa na seramu. Ukiigawanyia FOS unapunguza matokeo yako mwenyewe, tena kwa kiasi kinachobadilika kila muda. Tumia mbili kwa pamoja, kwa mfano Tbp na Hprt, baada ya kuona kwamba Ct zake (mzunguko ambao mwanga wa PCR unavuka kizingiti) hazisogei kati ya dakika 0 na 240.

Hesabu yenyewe ni hivi. Tuseme dakika 0 Fos (FOS ya panya) ina Ct 29.0 na jeni linganishi 23.0, tofauti ni 6.0. Dakika 30 Fos ina 22.5 na linganishi 23.0, tofauti ni −0.5. Badiliko ni −6.5, na 2 kwa kipeo cha 6.5 ni takriban 90. RNA imepanda mara 90. Hesabu hii inachukulia kwamba ufanisi wa praima ni 100%. Ukiwa mbali na hapo, weka ufanisi halisi mahali pa 2.

Mchoro wa kawaida huanza kupanda dakika 15, hufika kilele kati ya 30 na 45, na dakika 120 huwa umekaribia chini tena. Kilele kikitokea baada ya saa moja au mbili, angalia kama seramu ilikuwa baridi. Kama sivyo, basi jeni unayoichunguza si ya mwitikio wa papo hapo.

Ukitaka protini pia, ivune kati ya dakika 60 na 120. Fos ina asidi amino 380 na uzito wa hesabu ni kama kDa 41, lakini kwenye jeli huonekana juu zaidi, kati ya 55 na 62, na bendi hutanuka kwa sababu ya fosfeti zinazoongezwa. Anayetafuta bendi kwenye 41 ataandika kwamba protini haipo wakati iko juu yake tu.

Hatua ya 5: Unukuzi au uozaji?

RNA ya FOS ina vipande vyenye A na U nyingi kwenye mkia wa 3′, na hivyo ndivyo vinavyoita vimeng'enya vya kuiozesha. Nusu-uhai wake ni kama robo saa. Kwa jeni ya namna hii, kupunguza kasi ya uozaji peke yake kunaweza kupandisha kiasi cha RNA sana.

Njia rahisi ya kupima unukuzi ni praima zilizomo ndani ya introni. RNA ambayo bado ina introni imetoka kunukuliwa muda huu huu. Ikipanda pamoja na RNA iliyokamilika, unukuzi umepanda. Hapa DNase isipofanya kazi kikamilifu matokeo yote ni bure, kwa sababu introni iko pia kwenye DNA. Zile sampuli zisizo na kimeng'enya cha kugeuza ndizo zitakazokuambia. Njia bora zaidi, kama fedha ipo, ni kuzipa seli 4-thiouridini (herufi ya RNA yenye alama) ya 500 µM kwa dakika 10 na kuichuja RNA iliyoibeba.

Kwa uozaji, chochea seli dakika 30, weka aktinomaisini D (inayozuia unukuzi) ya 5 µg/ml, na uvune kila baada ya dakika 10 mpaka dakika ya 60. Ikishuka kutoka 100 hadi 25 ndani ya dakika 30, imepungua nusu mara mbili, kwa hiyo nusu-uhai ni dakika 15. Aktinomaisini yenyewe hupunguza kasi ya uozaji wa baadhi ya RNA zenye A na U nyingi, kwa hiyo usiichukulie namba hiyo kuwa halisi. Itumie kulinganisha hali mbili zilizotendewa sawa.

Kisha saikloheksimidi ya 10 µg/ml, dakika 30 kabla ya seramu. Inazuia utengenezaji wa protini. FOS ikiwaka licha ya hayo, imethibitika kuwa jeni ya mwitikio wa kwanza. Utakachokiona hasa ni kwamba inawaka kupita kiasi na haizimiki, kwa sababu mbili kwa pamoja: protini zinazoizima hazitengenezwi, na RNA haiozi kama kawaida. Weka sahani yenye saikloheksimidi bila seramu. Dawa hiyo peke yake hupandisha FOS kidogo.

Hatua ya 6: Kumtafuta mpokea amri kwenye promota

Nakili promota ya FOS ya binadamu kutoka takriban −700 hadi +40, iweke ndani ya plasmidi (duara dogo la DNA), mbele ya lusiferesi ya kimulimuli (kimeng'enya kinachotoa mwanga). Ndani ya kipande hicho kuna sehemu tatu za kuzijua: moja kwenye −345 inayoitikia njia ya protini za STAT, ya pili kwenye −310 hivi inayoitikia seramu (SRE), na ya tatu kwenye −60 inayoitikia cAMP (molekuli ya ishara ndani ya seli). Tengeneza vipande vilivyokatwa kwenye −400, −330, −250 na −100. Mwitikio wa seramu ukibaki kwenye −330 na kupotea kwenye −250, umeizingira SRE.

Kukata si ushahidi wa mwisho, kwa sababu kunabadilisha pia umbali kati ya vipande vinavyobaki. Maliza kwa kubadilisha herufi chache ndani ya kipande kirefu. Kiini cha SRE ni CCATATTAGG, na hapo hukaa protini ya SRF. Kando yake, kwenye CAGGAT, hukaa Elk-1 na ndugu zake, lakini hukaa vizuri tu SRF ikiwepo. Kwa hiyo ukiharibu GG ya mwisho ya kiini unapoteza zote mbili, na ukiharibu GG ya CAGGAT unampoteza Elk-1 peke yake. Plasmidi hizo mbili zikiwekwa sambamba ndizo zitakazoonyesha nani anafanya nini.

Kwa kisima cha sahani ya visima 24, weka plasmidi ya kimulimuli 400 ng na ya Renilla (lusiferesi ya pili, ya kulinganishia) 20 ng, subiri saa 24, nyima seramu saa 24, chochea, soma baada ya saa 4. Promota ya Renilla nayo ijaribiwe kwa seramu peke yake kabla ya kuaminiwa, baadhi hupanda.

Wengi hushangaa kuona lusiferesi haishuki kama RNA ya FOS. Si kosa la promota. Protini ya lusiferesi ina nusu-uhai wa saa kadhaa, kwa hiyo inakusanya mwanga wa yote yaliyopita. Ukitaka kuona kushuka, pima RNA ya lusiferesi yenyewe, au tumia lusiferesi iliyowekewa mkia wa PEST ili ioze haraka.

Hatua ya 7: Njia ya ishara na kromatini

Zuia MEK (kimeng'enya kinachoipa ERK fosfeti ili ipitishe ishara) kwa dawa ya U0126 ya 10 µM dakika 30 kabla ya seramu, na weka U0124, isiyozuia, kama linganishi. Hakikisha kwa kingamwili kwamba ERK haina fosfeti kwenye Thr202 na Tyr204; vuna protini dakika 5 hadi 10 baada ya seramu, ukiwa na vizuizi vya fosfatesi ndani ya bafa. FOS ikishuka sana lakini isizimike kabisa, ni kawaida. Kuna njia nyingine zinazoingia hapo, ikiwemo ile ya Rho na aktini inayotumia SRF bila Elk-1.

Kwa kromatini, funga seli milioni 5 hadi 10 kwa fomaldehaidi 1% dakika 10 kwenye joto la chumba ili protini zishikamane na DNA, zima kwa glaisini 125 mM dakika 5, vunja kwa mawimbi ya sauti hadi besi 200–500. Tazama jeli kabla ya kuendelea. Kingamwili ya protini unayoitafuta 2–5 µg kwa kila sampuli, na weka akiba 1% ya kromatini. Ct ya akiba hiyo ikiwa 25, toa 6.64 ili iwe kama 100%: unapata 18.36. Sampuli ikiwa na Ct 26, tofauti ni 7.64, sawa na 0.5% ya kromatini yote.

Usitarajie SRF kuongezeka baada ya seramu. Imekaa kwenye SRE hata seli zikiwa zimetulia. Kinachobadilika ni Elk-1 kupata fosfeti (Ser383) na histoni (protini ambazo DNA huzizunguka) za jirani kuongezewa asetili. Vivyo hivyo RNA polimeresi II, kimeng'enya kinachonukuu jeni: sehemu yake husubiri tayari karibu na mwanzo wa jeni. Praima ya promota peke yake itaonyesha badiliko dogo. Weka praima nyingine mwishoni mwa jeni, karibu na eksoni ya 4, na hapo ndipo utaona tofauti kubwa kati ya dakika 0 na 15. Eneo la kromosomu nyingine lisilo na jeni liwe linganishi.

Hatua ya 8: Kuthibitisha kwenye jenomu yenyewe

Plasmidi haina kromatini kamili wala majirani wa mbali. Katika nyuroni za panya, kwa mfano, FOS inaongozwa pia na enhansa (vipande vya DNA vinavyoongeza unukuzi kutoka mbali) kadhaa zilizo nje kabisa ya kile kipande cha −700. Kwa hiyo badilisha SRE kwenye kromosomu kwa CRISPR (mkasi wa DNA unaoongozwa na RNA), ukitumia RNA elekezi mbili zinazokata pande zote mbili za kiini, huku ukiiacha ile sehemu ya −60 salama.

NIH 3T3 zina zaidi ya nakala mbili za kromosomu nyingi. Bendi moja safi ya PCR haimaanishi nakala zote zimebadilika, maana kukatika kukubwa kunaweza kuondoa mahali praima inaposhika na nakala hiyo isionekane. Soma mfuatano wa kila kloni kwa kina, na upime idadi ya nakala kwa qPCR ya DNA nje kidogo ya mkato. Chukua kloni tatu au zaidi zilizotokana na seli tofauti, pamoja na kloni zilizopitia hatua zote bila kubadilika. Zirudishe hatua ya 2 na ya 3, chochea kwa seramu, kisha sahani nyingine kwa foskolini ya 10 µM, ambayo hupandisha cAMP. SRE ikiwa ndiyo mpokea amri ya seramu, mwitikio wa seramu utaanguka na wa foskolini utabaki kwa sehemu kubwa. Yote mawili yakianguka, rudia kusoma mfuatano. Huenda mkato umeenda mbali kuliko ulivyopanga.